Seva Iliyokatiwa Utepe

Watu wa Gulfton, mtaa mmoja wa Houston, walimwita Injinia, naye Elimringi hakuwahi kuwasahihisha. Ukiniuliza mimi, hilo ndilo kosa lililozaa mengine yote. Kazi yake halisi, huko Mesquite, jirani na Dallas, kwenye ghala kubwa la vipuri vya magari, ilikuwa kukaa mezani na kuwasaidia watu waliosahau nywila zao, na wale ambao printa zao za kuchapa lebo zimegoma. Ni kazi ya halali, ina bima ya afya, wala haimwaibishi mtu. Lakini si uinjinia, na mwenyewe alilijua hilo kila asubuhi alipotoka Euless, ndege zikishuka juu ya paa la gari lake, na kila jioni aliporudi. Ni safari ya Houston tu iliyokuwa ikimpandisha cheo.

Houston alifika miaka kumi na minne nyuma, kijana mwembamba kutoka Machame mwenye viza ya mwanafunzi na koti zito ambalo halikuwa na kazi yoyote kwenye joto lile. Alipanga chumba Gulfton, kwenye yale maghorofa ya matofali yaliyobanana, mlango wa kushoto watu wa Honduras, wa kulia Waafghani, na juu Warundi. Warundi ndio waliomwokota. Walikuwa wameishi kambini Kigoma miaka na miaka kabla ya kuletwa Marekani, kwa hiyo Kiswahili kilikuwa chao kama kilivyokuwa chake. Mama Capitoline, aliyekuwa akifanya usafi hotelini, alimsikia siku moja ngazini akiongea kwenye simu, akasimama na mifuko yake mkononi, akamwuliza, "Wewe mtoto, umekula?"

Hakuwa amekula. Tangu siku hiyo alikula kwa Mama Capitoline mara tatu, mara nne kwa wiki, kwa miaka mitatu, ugali na maharage na dagaa walionuka jengo zima, mpaka alipomaliza chuo, akamwoa Bertila, nesi, na kuhamia Euless karibu na kazi ya mkewe. Akiwa kwa Mama Capitoline alimkuta pia bibi mmoja mfupi, mama mzazi wa Capitoline, ambaye hakuwa na maneno mengi kwa wageni. Alikuwa akikaa dirishani na rozari. Elimringi alimsalimia "Shikamoo, Bibi", bibi akaitikia "Marahaba", na mazungumzo yao kwa miaka yote ile yaliishia hapo.

Kwa hiyo alipopigiwa simu na Mzee Callixte, mwenyekiti wa jumuiya ya Warundi pale parokiani, hakuwa na pa kukataa.

"Injinia, tumeanza ku-record wazee wetu," Mzee Callixte alisema. "Wanasimulia tangu mwaka wa sabini na mbili, walivyokimbia mauaji Burundi, maisha ya kambini, mpaka huku. Wanaanza kutuacha mmoja mmoja. Sasa zote tumeweka ndani ya kompyuta moja. Hiyo kompyuta ikikufa, tumekwisha. Unaweza kutufanyia backup?"

"Hiyo ni kazi ndogo, Mzee," Elimringi alijibu.

Ni kazi ndogo, kwa anayeijua. Elimringi alikuwa ameiona ikifanywa na wengine kazini. Mkono wake haukuwahi kuigusa. Lakini nimtendee haki: alijifunza. Majuma mawili mazima, akitoka kazini, alikaa na daftari akitazama video za mafundi, akiandika, akifuta, akimfukuza Bertila sebuleni. Akanunua kisanduku cheusi chenye diski mbili ndani, akakipakia kwenye gari, na Ijumaa moja ya Machi akashuka nacho Houston.

Alikiweka kwenye stoo iliyo nyuma ya ukumbi wa parokia, juu ya rafu, katikati ya mishumaa na maua ya plastiki, akakiunganisha kwa waya na mtandao wa jengo. Hiyo ndiyo seva. Kisha kwenye ile kompyuta ya jumuiya akatengeneza folda akaiita AKIBA. Ukiitazama ungedhani imo humo humo kwenye kompyuta, kumbe ni mlango tu: unachoweka ndani yake kinapita kwenye waya na kwenda kulala kwenye seva. Akapanga kila alfajiri kompyuta inakili rekodi zote mpya kwenye AKIBA, na ikimaliza imtumie ujumbe kwenye simu. Akajaribu. Rekodi kumi na tisa zikaenda. Akafuta moja kwa makusudi kwenye kompyuta, akaiita kutoka kwenye seva, ikarudi. Alifanya kila kitu sawasawa, na kama angeondoka Ijumaa ile, leo nisingekuwa na la kusimulia.

Hakuondoka, kwa sababu kulikuwa na uzinduzi.

Sisi hatujui kuanza kutumia kitu kimyakimya. Hata choo cha shule kina mgeni rasmi. Tulivuka bahari tukaacha mengi ya maana, lakini utepe na mkasi tulikuja navyo. Mzee Callixte alikuwa ameshatangaza: Jumapili baada ya misa, uzinduzi wa Seva ya Sauti za Wazee, chakula kitakuwepo. Shida ilikuwa moja tu, kwamba stoo ile ilikuwa haiingii watu wawili wanene.

"Sasa watu watakata utepe wa nini?" Mzee Callixte aliuliza akiwa amesimama mlangoni pa stoo. "Wa mishumaa? Itolewe, Injinia. Iwekwe kwenye meza pale mbele, watu waione kwa macho."

Hapa ndipo aibu ilipo, wala msiitafute kwingine. Elimringi alijua. Alijua kwamba kitu kile kikishawekwa na kujaribiwa hakichezewi, na kwamba kikichomolewa lazima mtu aanze upya kukagua kila kitu. Alifungua mdomo aliseme hilo. Lakini akaiona meza ile mbele ya watu, kitambaa cheupe, seva katikati, na yeye kasimama kando yake na suti. Akafunga mdomo.

Jumapili ilifana. Kwaya iliimba, ngoma zikapigwa hadi vioo vya madirisha vikatetemeka. Padri alikuja na maji ya baraka, Elimringi akakinga matundu ya seva kwa viganja vyake, watu wakacheka. Mshereheshaji alimtambulisha kuwa ni injinia wa kimataifa kutoka Dallas, naye akainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Alikuwa akivishwa kilemba cha ukoka mchana kweupe na alikishika kwa mikono miwili kisianguke. Mama Capitoline alikuja mbele akicheza, akamfuta jasho usoni kwa kitambaa chake kama afanyavyo mama kwa bwana harusi. Kisha wakampa kipaza sauti.

"Kuanzia leo," Elimringi alisema, "hakuna sauti ya mzee wetu itakayopotea. Mkishaweka record kwenye kompyuta, futeni kwenye simu zenu. Msijaze simu bure. Seva ipo."

Walipiga makofi. Utepe ukakatwa. Baadaye aliibeba seva akairudisha stoo, akachomeka umeme, akachomeka waya, taa ya kijani ikawaka. Alikuwa na mkono kwenye kitasa, anataka kwenda kwenye kompyuta akajaribu tena kama alivyojaribu Ijumaa, sauti ikaita kutoka ukumbini: "Injinia! Picha!" Akaenda kwenye picha. Kutoka kwenye picha wakamvuta kwenye wali, kwenye wali akapewa nyama, na alipoangalia saa ilikuwa imegonga kumi na alikuwa na mwendo wa saa nne mbele yake. Aliondoka Houston amevaa shati la kitenge alilozawadiwa, akiimba peke yake garini.

Nieleze kilichotokea, maana ni kitu kidogo mno. Seva ilipochomolewa na kuchomekwa tena, mtandao wa jengo uliipa anwani mpya, kama mpangaji aliyehamishiwa chumba kingine. Kompyuta haikuambiwa. Iliendelea kubisha hodi chumba cha zamani, na chumba cha zamani hakikuwa na mtu. Ile folda ya AKIBA ikabaki mlango usio na nyumba nyuma yake, yaani folda ya kawaida, ndani ya kompyuta ileile. Na kompyuta ni mtumwa mtiifu. Imeambiwa inakili kwenye AKIBA, basi ilinakili. Kila alfajiri ilichota unga kwenye debe na kuurudisha kwenye debe hilohilo, kisha ikaandika: Imekamilika.

Miezi kumi na minne. Kila asubuhi simu ililia, Imekamilika, naye kila Jumapili alituma kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya: "Sauti za wazee wetu ziko salama. Mungu ni mwema." Watu wakajibu kwa mikono ya kusali. Bertila aliwahi kumwuliza, akiwa anapiga pasi sare zake, "Lakini umewahi kujaribu kurudisha hata moja tangu ile siku?" Kazini kwake mtu hasemi dawa imetolewa mpaka aone mgonjwa amemeza. Elimringi alimjibu kwamba mambo ya mashine hayafanani na mambo ya vidonge. Nesi wa watu akaendelea kupiga pasi.

Katika miezi hiyo ndipo Ella, binti wa Mama Capitoline, alipomrekodi bibi yake. Jioni tatu, kwenye simu, zaidi ya saa tatu za maneno. Yule bibi asiyeongea na wageni aliongea. Ella akaziweka rekodi kwenye kompyuta ya parokia na kufuta kwenye simu, kama alivyoagizwa na Injinia. Hiyo ilikuwa Juni. Agosti bibi akafariki, na Elimringi alikwenda mazikoni, akakaa viti vya mbele.

Mei iliyofuata dhoruba ilipiga Houston. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukakatika tena, na uliporudi kwa kishindo uliondoka na kompyuta ya jumuiya, diski yake na vyote. Mzee Callixte alipiga simu akiwa mtulivu kabisa.

"Kompyuta imekufa. Lakini hatuna hofu, si tuko na seva?"

"Tuko nayo, Mzee. Jumamosi nakuja."

"Njoo, maana Mama Capitoline anaondoa matanga ya mama yake Jumamosi inayofuata. Mwaka haujatimia sawasawa, lakini ndugu wanatoka Canada na ndiyo nafasi waliyopata. Anataka siku hiyo tumsikie bibi mwenyewe. Sauti yake. Ametafuta hadi spika za kukodi."

Elimringi aliteremka barabara kuu namba arobaini na tano na kompyuta mpya kwenye kiti cha nyuma, na nisimfiche, alikuwa na furaha. Hii ndiyo siku ambayo seva ilinunuliwa kwa ajili yake. Alipita Corsicana, akapita Huntsville, akipanga kichwani maneno atakayosema watu watakapomshukuru.

Mama Capitoline alikuwa amefika parokiani kabla yake. Alikuwa amevaa vizuri, kama mtu anayekwenda kumpokea mgeni uwanja wa ndege. Mzee Callixte akaleta viti viwili, wakakaa nyuma ya Elimringi. Seva ilikuwa nzima. Dhoruba haikuigusa, taa ya kijani inawaka kama siku ya kwanza. Akaiunganisha na kompyuta mpya, akafungua.

Rekodi kumi na tisa.

Alidhani hajafungua pote. Akafunga, akafungua. Kumi na tisa, na ya mwisho ilikuwa na tarehe ya ile Ijumaa ya Machi, mwaka uliopita, siku mbili kabla ya utepe. Baada ya hapo hapakuwa na kitu hata kimoja. Ilimchukua kama dakika moja kuelewa. Nyuma yake Mama Capitoline alikuwa akisema, "Chukua wakati wako, mwanangu. Hata mimi nimengoja."

Angesema pale pale, leo angekuwa mtu mwingine. Watu wawili tu walikuwa chumbani, na wote wawili walimpenda. Lakini alisema, bila kugeuka, "Naona radi imegusa na seva, Mama."

"Imegusa?"

"Imegusa kidogo. Naibeba niende nayo Euless. Kuna wataalamu Dallas."

Njia ya mwongo ni fupi, husema wazee, lakini wanaweza kuwa hawakuwahi kuiendesha kutoka Houston hadi Euless. Ilikuwa ndefu kweli. Alifika akampita Bertila mlangoni bila salamu. Jumatatu aliomba ruhusa kazini, akaipeleka diski iliyokufa kwenye duka la mafundi huko Dallas, wale wanaofufua diski. Jumatano walimpigia: imechubuka ndani, hakuna kinachotoka. Aliwaomba wajaribu tena. Kijana wa simu alimwambia kwa upole kwamba wameshajaribu tena.

Kwenye kundi la WhatsApp, Mzee Callixte alikuwa ameandika: "Radi haina adabu. Tumwombee Injinia wetu anayepigana usiku na mchana." Ujumbe thelathini na kitu wa pole. Wengine walimpigia. Mwanamume mmoja aliyepoteza rekodi ya baba yake alimtumia sala ya sauti, dakika nne, akimwombea yeye, Elimringi, apate nguvu. Aliisikiliza yote. Alijiona mchafu kiasi kwamba alikwenda kuoga, na maji hayakusaidia, maana uchafu wa namna hiyo hauondoki kwa maji. Alhamisi Mama Capitoline mwenyewe alipiga simu.

"Mwanangu, nasikia hata hulali. Usijitese. Radi ni ya Mungu, sisi tutafanyaje?"

"Ndiyo, Mama," Elimringi alisema.

Bertila alikuwa mezani akimsikia. Alikuwa ameiona seva ile sebuleni siku nne nzima, inawaka vizuri tu, na yeye si mtoto. Alimngoja akate simu.

"Hiyo seva ni nzima."

Elimringi aliiweka simu mezani, kioo chini.

"Ni nini kimetokea?"

Akamwambia. Ilikuwa mara ya kwanza maneno yale kutoka mdomoni mwake, na yalikuwa machache kuliko alivyodhani. Alisema hakujaribu tena baada ya uzinduzi. Kwamba kwa miezi kumi na minne hakukuwa na kitu. Kwamba alikwenda kupiga picha.

Bertila hakupaza sauti. "Kosa ni kosa, hata sisi wodini tunakosea, na tunaandika," alisema. "Lakini wewe umemsingizia Mungu, Elimringi. Yule mama anakaa kule anajaribu kumsamehe Mungu kwa kitu ulichofanya wewe."

"Watanionaje?"

"Watakuona," alisema Bertila. "Si ndicho ulichotaka?"

Jumamosi walikwenda wote wawili. Matanga yaliondolewa kwenye ukumbi uleule, viti vimepangwa mduara, jamaa wa Canada na makoti yao, na katikati chungu cha pombe ya mtama na mirija yake. Spika za kukodi zilikuwa zimeletwa kabla habari ya radi haijajulikana, na mwenye nazo hakuja kuzichukua, kwa hiyo zilisimama pale kwenye pembe mbili za ukumbi, zimezimwa. Elimringi alikaa karibu na mlango. Mzee Callixte akasimama na fimbo yake.

"Ndugu zangu, mnajua desturi. Kabla hatujanywa, mwenye neno na marehemu, au neno linalomhusu marehemu, alitoe sasa. Tukishakunywa, neno limefungwa, asije mtu kulifungua barabarani."

Mtu mmoja akasimama, akasema bibi alimfundisha mkewe kusuka mikeka. Mwingine akashukuru. Mzee Callixte akaanza kuinamia chungu. Bertila aliweka mkono juu ya goti la Elimringi, kisha akauondoa. Elimringi akasimama.

"Mimi nina neno."

Watu waligeuka na nyuso za upole. Hizo nyuso ndizo zilizomwumiza zaidi.

"Radi haikugusa seva," alisema. "Seva ni nzima. Sauti ya Bibi haikuwahi kufika kwenye seva, wala ya mzee yeyote baada ya ile siku ya utepe. Niliichomoa kuileta hapa mezani, nikairudisha, na sikujaribu kama inafanya kazi. Nilikuja kupiga picha. Halafu kila Jumapili nikawaandikia kwamba ziko salama. Na mimi ndiye niliyewaambia mfute kwenye simu. Wiki iliyopita nilijua, nikawadanganya."

Hakuna aliyesogea. Ella, aliyekuwa amekaa karibu na mama yake, alifunika mdomo kwa mkono. Mtu wa Canada akauliza kwa Kirundi ni nini kimesemwa, akatafsiriwa kwa kunong'onezwa.

Mzee Callixte alikohoa. "Lakini mimi ndiye nilisema itolewe stoo," alisema polepole. "Mimi ndiye nilitaka meza. Kwa hiyo na mimi..."

Elimringi aliona mlango umefunguliwa, mpana, na mtu mwenye heshima amesimama kando anamkaribisha apite. Nampa sifa moja katika habari hii yote, na ni hii.

"Hapana, Mzee. Wewe hukujua. Mimi nilijua, nikanyamaza kwa sababu nilitaka kuonekana."

Sasa wote walimtazama Mama Capitoline. Alikuwa amekaa mikono yake imelala mapajani, viganja juu. Hakulia, wala hakukasirika kwa namna ambayo mtu angeweza kuiona. Alikuwa akimtazama Elimringi kama alivyomtazama siku ile ngazini, akitaka kujua jambo moja.

"Wewe uliwahi kumsikiliza?" aliuliza.

"Nani, Mama?"

"Mama yangu. Kwenye hizo record. Alikuwa humo ndani, kwa kompyuta, miezi yote hiyo. Uliwahi kufungua ukamsikia?"

"Hapana, Mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Nilikuwa naangalia tu kama lile neno imekamilika limekuja."

Alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepata jibu alilokuwa akilitegemea. "Basi njoo ukae hapa mbele," alisema. "Leo utamsikia kwa midomo yetu. Ella, washa simu yako, urekodi."

Akaenda akakaa mbele. Wakaanza kusimulia wale waliokuwa wamemsikia bibi akisimulia. Ella alieleza kijiji na ndizi na nyumba iliyokuwa na mlango wa mti mwekundu. Kaka yake Mama Capitoline, aliyetoka Canada, alieleza baba yao alivyochukuliwa asubuhi na hakurudi. Mama Capitoline alieleza mto Malagarasi, kwa kuwa alikuwepo, mtoto wa miaka sita. Mama yao alijificha naye kwenye matete siku mbili, na mdogo wake mgongoni, mtoto mchanga, na watu wenye mapanga walikuwa wakipita ng'ambo ya matete. Mtoto akilia wamekwisha. Mama yao akamwimbia, chini kwa chini, sauti isiyozidi pumzi. Haukuwa wimbo wa kubembelezea ambao kila mama anao. Aliutunga pale pale majini, akitaja vilima vya kwao kimoja baada ya kingine, kama anayefunga milango.

"Alimwimbia Ella wote, kwenye ile record," Mama Capitoline alisema. "Miaka hamsini hakuuimba. Siku ile akauimba wote."

Akaanza kuuimba. Mistari miwili ilitoka, myembamba, na ukumbi wote ukainama kuisikiliza. Kisha akasimama. Akarudi mwanzo, akafika pale pale, akasimama tena.

"Hapa alikuwa anashuka," alisema. Aliteremsha kiganja hewani polepole kuelekea sakafuni, kuwaonyesha. "Anashuka hivi, halafu anataja kilima chetu. Mimi sauti yangu haifiki."

Alijaribu mara ya tatu. Midomo ilikwenda, mkono ukashuka, na hakukutoka kitu. Ella akaishusha simu, akaiweka mapajani. Mzee Callixte alitazama viatu vyake. Elimringi alikaa pale mbele akingoja mmoja wao amtazame, hata kwa chuki, na hakuna aliyemtazama.